Nachungulia uvungu wa gari lililoko Mirihi

Nimekuwa mteja wa huduma hii kwa zaidi ya miaka kumi na sijatoa hata senti, kwa hiyo sifa zangu zipokee hivyo hivyo. Nazungumzia picha ghafi ambazo NASA huzitoa bure kutoka kwenye magari yake mawili yanayofanya kazi Mirihi, Curiosity na Perseverance. Picha ghafi ni picha kama ilivyotoka kwenye kamera: haijarembwa, haijaunganishwa na nyingine, wala haina maneno ya kukuelekeza ushangae wapi. Utapewa jina la kamera, saa ya huko, na namba ya soli, yaani siku ya Mirihi, ambayo imezidi siku yetu kwa dakika 39 na ushei. Basi. Mengine tafuta mwenyewe.

Mimi ni fundi magari. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna wanaoifuata Mirihi wakitafuta dalili za uhai, na wengine wanapenda mandhari. Mimi nafuata gari. Curiosity ina kilo 899 na magurudumu sita, ilitua kwenye kreta ya Gale Agosti 2012, na tangu siku hiyo haijawahi kupandishwa jeki. Spea hakuna. Aliyeishika usukani yuko mbali kiasi kwamba amri yake huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari zimekaaje, ingawa inasafiri kwa kasi ya mwanga. Kama umewahi kumwelekeza mtu kwa simu afungue kitu ambacho wewe hukioni, na yeye hajui spana namba ngapi, utaelewa kwa nini kila asubuhi naangalia picha kabla sijavaa ovaroli. Kijana ninayemfundisha kazi amenizoea. Salamu yake ya asubuhi siku hizi ni, "Shikamoo fundi, limehama?"

Watu wengi hukimbilia picha za kamera za juu ya mlingoti, zile za milima na anga la rangi ya chai ya maziwa. Mimi huanza chini, kwenye kamera za tahadhari zilizofungwa mbele na nyuma, karibu na tumbo la gari. Kwenye Curiosity hizi ni za rangi nyeusi na nyeupe, na lenzi zake hupinda kila kitu, upeo wa macho ukaonekana kama mgongo wa sufuria. Ni picha mbaya kwa kuning'iniza ukutani. Lakini humo unaona magurudumu ya mbele yakiwa pembeni, mkono umekunjwa, kivuli cha gari kimelala mbele yake, na ardhi ambayo litaikanyaga baada ya hapo. Kwenye zile za nyuma unaona njia lililopita. Alama za gurudumu zikiwa zimekatika vizuri, ardhi ni imara. Zikiwa zimefumuka na kingo zimemwagika ndani, gari lilikuwa linateleza.

Alama zenyewe zina ufundi wake. Gurudumu la Curiosity lina matundu yaliyopangwa kwa alama za Morse, yaani nukta na mistari badala ya herufi, yanasomeka JPL, jina la maabara iliyolitengeneza. Ni utani wa wahandisi, lakini ni utani wenye kazi. Kila mzunguko matundu hayo hugonga muhuri mchangani, na kwa kupima nafasi kati ya muhuri na muhuri gari hujua limesogea kweli au limezungusha magurudumu papo hapo. Nimekaa na picha moja ya nyuma nusu saa nzima nikihesabu mihuri hiyo kwa ncha ya kalamu. Chai ilipoa.

Sasa tuje kwenye magurudumu yenyewe, maana hapo ndipo nilipoumbuka. Kila gurudumu limechongwa kutoka kwenye bonge moja la aluminiamu, upana wa kipenyo chake sentimita 50, na kati ya meno yake bati lina unene wa milimita 0.75 tu. Mwaka 2013 yalianza kutoboka. Mwishoni mwa mkono wa gari kuna kamera ya kutazamia vitu kwa karibu, na mara kwa mara huelekezwa uvunguni kukagua magurudumu. Picha ya kwanza niliyoona ya tundu lisilo la Morse, kingo zimepinda ndani kama kopo lililofunguliwa kwa kisu, nilitangaza gerejini kwamba gari hili halimalizi miaka miwili. Nililitangaza kwa sauti. Kijana bado ananikumbusha.

Chanzo kilikuwa mawe madogo yenye ncha yaliyozikwa imara ardhini. Jiwe lililolegea husogea ukilikanyaga, lakini hayo hayasogei, na magurudumu ya nyuma yanaposukuma, yale ya mbele na ya kati hubanwa juu ya ncha. Ongeza uchovu wa chuma unaotokana na kupinda na kunyooka kila mzunguko. Mimi ningefanyaje? Ningebadilisha. Wao hawakuwa na cha kubadilisha, kwa hiyo walibadilisha uendeshaji: wakachagua njia laini zaidi, pengine wakaliendesha kinyumenyume, na mwaka 2017 wakatuma programu mpya inayorekebisha kasi ya kila gurudumu kulingana na mwinuko lililokanyaga. Wameongeza umri wa tairi kwa kutuma maandishi angani. Hakuna mteja wangu hata mmoja ambaye angekubali kulipia matengenezo ya namna hiyo.

Kekee ya Curiosity, ile ya kutobolea mawe, nayo iliwahi kuwatoa jasho. Desemba 2016 mota inayoisogeza mbele na kuirudisha nyuma iligoma. Kwa karibu mwaka mmoja na nusu picha za shimo jipya zikakatika, na mimi nikaizika kekee hiyo moyoni. Kumbe huku duniani wahandisi walikuwa na pacha wa gari hilo, wanajaribu juu yake. Dawa waliyoipata ni ya kigereji kabisa: wakaiacha kekee imechomoza moja kwa moja, halafu mkono mzima wa gari ukawa ndio unaoisukuma kwenye jiwe, kama mtu anavyoegemea drili yake kwa bega. Mei 2018 shimo likaonekana kwenye picha. Nilipiga meza.

Kama una nafasi ya kutazama picha moja tu ya zamani, tafuta ya shimo la kwanza kabisa, Februari 2013, kwenye jiwe lililopewa jina John Klein. Upana sentimita 1.6, kina sentimita 6.4. Tazama unga uliorundikana mdomoni mwa shimo. Jiwe kwa nje ni la rangi ya kutu, unga wake ni wa kijivu. Sayari nzima inaitwa nyekundu, kumbe wekundu ni ngozi tu. Ukikwaruza, ndani kuna kitu kingine. Anayeshinda na bodi za magari kuukuu haambiwi zaidi.

Hata kukanyaga vibaya kumewalipa. Mei 2024 Curiosity ilipita juu ya jiwe moja, uzito wake ukalipasua, na ndani kukaonekana vipande vya fuwele za manjano. Vilipopimwa vikawa salfa tupu, ambayo haikuwahi kuonekana Mirihi kabla ya hapo. Hawakupanga kulipasua. Inanikumbusha gari la zamani, Spirit, ambalo gurudumu lake la mbele upande wa kulia lilikufa mwaka 2006. Wakaliendesha likirudi nyuma, gurudumu bovu likiburuzwa kama mguu uliovunjika, na mfereji ulioachwa na gurudumu hilo ndio uliofukua udongo mweupe wenye madini ya silika kwa zaidi ya asilimia 90, dalili ya maji ya moto ya kale. Gurudumu zima lisingelichimba lile shimo.

Perseverance, iliyotua kwenye kreta ya Jezero Februari 2021, ni toleo lililojifunza. Bati la magurudumu ni nene zaidi, meno ni mengi na yamepinda taratibu, na kamera za tahadhari sasa zina rangi. Ni gari bora na picha zake ni bora, lakini nikiri kwamba halinigusi sana. Lile bovu ndilo langu.

Hata hivyo Perseverance nalo lina visa vyake. Kazi yake ni kukata vijiti vya mwamba na kuvifungia ndani ya mirija. Agosti 2021 lilijaribu mara ya kwanza: shimo likaonekana safi, mashine zikatoa taarifa kwamba kila hatua imekamilika, mrija ukafungwa. Mtupu. Jiwe lilikuwa limekufa kwa ndani, likageuka unga na kumwagika. Kisha jaribio la pili, mwezi uliofuata: picha inaonyesha kijiti cha jiwe mdomoni mwa mrija, gari linautikisa mrija ili kusafisha kingo, picha inayofuata giza halikuruhusu kuona kama bado kimo. Zikapita siku za kusubiri jua likae vizuri. Kilikuwemo. Mwisho wa mwaka huo huo changarawe zikaanguka ndani ya mtambo unaopokea vichwa vya kekee, na Januari 2022 wakawa wanalikunguta gari zima kwa amri za redio ili zimwagike. Mwezi mmoja baadaye jiwe likaingia kwenye gurudumu la mbele kushoto na kukaa humo zaidi ya mwaka, likisafirishwa zaidi ya kilomita 8 bila nauli. Kwenye kila picha ya tahadhari nilikuwa naangalia kwanza kama abiria yupo.

Na ile helikopta ndogo iliyosafiri na Perseverance, Ingenuity. Iliahidiwa kuruka mara tano, ikaruka mara 72. Januari 2024 ilipotua vibaya, kilichotoa habari hakikuwa king'ora wala tangazo. Kilikuwa kivuli. Ilipiga picha ya ardhi iliyo chini yake, na kivuli cha rafadha kikaonyesha ncha iliyopungua. Picha ya namna hiyo haiwezi kuingia kwenye kalenda, na ndiyo maana nasema anayesubiri picha zilizorembwa anakosa kipindi kizima.

Kasoro zipo, ingawa nyingi ni za mbingu, si za watu. Picha haziji moja kwa moja. Hupitia kwanza kwenye setilaiti zinazoizunguka Mirihi, halafu zikapokelewa na antena kubwa zilizoko California, Madrid na Canberra. Ndiyo maana mara nyingi kinachotangulia ni kijipicha cha ukubwa wa stempu, na picha kamili hufuata kwa wakati wake. Kila baada ya miaka miwili hivi Jua huingia kati yetu na Mirihi, na kwa takriban wiki mbili amri hazitumwi. Mwaka wa kwanza nilidhani simu yangu imeharibika. Maelezo ni ya Kiingereza, na majina ya kamera ni vifupisho vitupu. Inabidi uyazoee kama namba za spea. Na kuna siku utafungua ukute picha arobaini za jiwe lile lile kwa pembe ile ile, kwa sababu gari halijaenda popote.

Kero ya kweli nimeipata kwingine. Niliwahi kulipia programu ya simu, jina naliacha, iliyoahidi kuniletea picha hizi hizi "kwanza kabisa". Ikaniletea siku mbili baadaye, zimeongezwa wekundu mpaka mawe yanaonekana kama nyanya, na arifa ya usiku wa manane ikitangaza mlango uliochongwa Mirihi. Kijana alikuja asubuhi na huo mlango kwenye simu yake, macho yamemtoka.

"Fundi, huu je?"

Nikamfungulia picha ghafi ya Curiosity ya Mei 2022. Ni ufa kwenye mwamba, umekatika kwa mistari iliyonyooka, kimo chake sentimita 30 hivi. Nikamletea rula. Akaiweka juu ya goti lake, akapima, akacheka.

"Basi huo ni mlango wa paka."

Tangu hapo yeye ndiye hufungua picha kwanza, nami nakuta majibu. Amejifunza kutazama kivuli kabla ya kutazama jiwe, kwa sababu kivuli kikiwa kimelala vile vile na ufa ule ule ukiwa chini ya gurudumu lile lile, hakuna haja ya kuendelea.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu hawatoi picha za kutosha za ekseli. Anayetaka kuanza aanze na Curiosity, kamera ya mbele, soli tatu mfululizo, bila kuruka ile inayoboa. Leo nilipofika gerejini kijana alikuwa tayari chini ya pikapu ya mteja, miguu tu inaonekana. Nikamuuliza mimi safari hii kama limehama.

"Bado," akasema kutoka uvunguni. "Ila mkono wameufungua."