Fundi wa Luthuli aliyeuliza kwanza

Jumanne asubuhi laptop yangu ya ThinkPad iliwaka, ikaandika “Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs”, ikaganda hapo hapo. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeiacha Ubuntu, mfumo unaoiendesha, ijisasishe, nikaenda kulala. Mimi huchapa tasnifu za wanafunzi hapa Ngara, na humo ndani mlikuwa na tatu ambazo wenyewe hawajamaliza kunilipa.

Duka nililoanzia silitaji. Kijana alichomoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake ya Windows, Windows ikataka kuifomati, naye akanigeukia na uso wa matanga: “Mama, hii imekufa. Tufomati, elfu moja mia tano.” Diski ilikuwa hai, ila nimeifunga yote kwa nywila kwa sababu mimi ni mtu wa matatu na mikono ya humo naijua. Nikamwambia airudishe alikoitoa.

Nikashuka Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki katikati ya Nairobi. Kibanda kiko ghorofani, juu ya wauza spika, kwa hiyo mnaongea kwa kupaza sauti. Fundi hakugusa bisibisi. “Mama, mara ya mwisho kabla haijagoma ulisasisha nini?” Akaiwasha akigonga Esc, menyu ya GRUB, programu inayouamsha mfumo, ikatokea, akachagua kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani. Nywila ikaitishwa. Alitazama ukuta mpaka nikamaliza kuiandika. Kwa hilo tu nampa nyota nzima.

Ikafunguka! Akaandika df -h, amri inayoonyesha diski imejaa kiasi gani, akaniwekea kidole kwenye mstari wa /boot, sehemu zinamokaa kerneli: asilimia 100. Kumbe ukifunga diski nzima, Ubuntu huitenga /boot kando, tena ndogo. Kerneli kuukuu zilijazana humo kama mitungi mitupu. Mpya iliingia, lakini initramfs yake, yaani faili ya kuanzia inayoisaidia kuwaka, ikakosa pa kukaa, na bila hiyo kerneli haina wa kuifungulia diski. Akafuta mbili, akabakiza moja ya akiba, akaendesha update-initramfs na update-grub, amri zinazotengeneza upya faili hiyo na menyu ya GRUB, kisha akaizima na kuiwasha mara mbili nikiona.

Shilingi 800. Nilingoja foleni saa moja na nusu kwenye stuli inayoyumba, na risiti hana. Zile amri nilimwomba aniandikie kwenye karatasi. Kaziandika, lakini mwandiko wake mimi mchapaji wa miaka yote hii bado sijaufumbua.