Mikro yenyewe si mbaya, tatizo ni aliyeniuzia

Dola zangu alizikagua moja baada ya nyingine. Akaziinua kwenye mwanga, akanyoosha pembe zake, kisha akanirudishia noti ya dola kumi kwa sababu ya mpasuko ambao mimi hadi leo sijauona. Sawa, Lubumbashi tumezoea, noti yenye jeraha hakuna anayeitaka. Lakini nilipomwomba achomeke ile mikro (maikrofoni ya kurekodia) dakika mbili tu niisikie, akasema sanduku likifunguliwa limenunuliwa. Yaani pesa yangu inakaguliwa, mikro yake haikaguliwi!

Duka silitaji. Liko katikati ya mji, na wanaotafuta vyombo vya muziki vya bei nafuu huenda wameshapita pale.

Nilikwenda na mdogo wangu, mtoto wa sekondari ambaye kwenye muziki anachojua ni kucheza tu. Alinisindikiza ili anisaidie kubeba. Anayeimba ni mimi, anayepiga gita ni mimi, na pesa ni za kusuka nywele za watu, nilizoweka kidogo kidogo tangu kiangazi. Muuzaji kila swali langu alimjibu yeye. Nauliza bei, anamwambia mtoto. Nauliza kama kaske, yaani vile vya kusikilizia masikioni, inaziba masikio vizuri, maana kaske ya wazi huvujisha mlio ukaingia tena kwenye mikro, anamvalisha mtoto!

Swali lililokuwa muhimu niliuliza waziwazi, kwa sababu hilo nalijua. Mikro hii ni ya kondensa. Mikro za aina hii zinataka umeme wa volti 48, unaotoka kwenye kadi ya sauti (kile kifaa cha kuunganisha mikro na kompyuta) au kwenye kisanduku chake maalumu na kupanda kwenye kebo ya pini tatu hadi kwenye mikro. Nikauliza, kisanduku hicho kimo humu ndani? Akamgeukia mdogo wangu huku anacheka: "Ambia yaya yako, hii haiombake kintu. Inatumika yenyewe." (Yaya kwetu ni dada mkubwa.) Halafu akaongeza, mbele yetu wote wawili, kwamba isipofanya kazi tuirudishe. Kwingine bei ilikuwa karibu mara mbili, na ahadi nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu. Nikalipa.

Nyumbani nikaichomeka kwenye lapitopu kwa kebo iliyokuja nayo, upande mmoja pini tatu, upande wa pili kichwa kidogo kama cha kaske ya simu. Sauti yangu ikatoka nyembamba, imefunikwa na mlio wa vitumbua vinavyokaangwa. Ukipandisha sauti, vitumbua vinapanda nayo. Haishangazi. Tundu la mikro kwenye lapitopu linatoa volti chache tu, basi mikro inaamka nusu, na nguvu inayokosekana unailazimisha kwenye kompyuta pamoja na uchafu wote.

Nikarudi dukani. Safari hii peke yangu, kwa hiyo hakuwa na mtoto wa kumjibu. Akasikiliza rekodi kwenye simu yangu, sekunde chache, akasema: "Mama, sauti si inasikika? Labda shida ni mwimbaji." Wateja wawili wakacheka. Na nyuma ya kichwa chake, kwenye rafu, niliona kisanduku cheusi chenye maandishi 48V. Alikuwa nacho! Siku ile yote alikuwa nacho, angeweza kuniuzia na kupata faida zaidi. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko pesa. Mtu anakudanganya kwa hasara yake mwenyewe, ili tu asikubali kwamba swali la mwanamke lilikuwa sahihi.

Kwa hiyo nilitaka kuandika: msinunue, takataka. Nilikuwa nimeshaanza.

Tatizo ni kwamba fundi wa sauti wa kanisani kwetu aliichukua siku ya mazoezi ya kwaya, akaichomeka kwenye mikseri, akabonyeza kitufe cha 48. Nikaimba mstari mmoja. Jamani. Pumzi inasikika, kidole kinachoteleza kwenye uzi wa gita kinasikika. Mikro ya bei ile haina haki ya kutoa sauti ile. Nilifurahi na kukasirika kwa pamoja, sijui hata niseme vipi. Nikanunua kadi ya sauti iliyotumika kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu pale Kasapa, yenye kitufe hichohicho, na yeye aliniacha niijaribu mpaka nikachoka.

Lakini ngoja. Sisi tunakaa komini ya Kenya (ndiyo, Lubumbashi nako kuna Kenya), nyumba ya mabati, ua mmoja familia nne. Mikro ya kondensa haichagui. Inachukua sauti yangu, jogoo, sufuria za mama mwenye nyumba, na umeme ukikatika inachukua jenereta ya jirani kwa ubora wa hali ya juu kabisa. Mvua zilipoanza kwenye mabati, nikaacha kabisa. Blanketi nilizotundika ukutani zilipunguza mwangwi wa chumba tu, jenereta hazikuizuia hata kidogo. Nikaazima mikro ya dinamiki ya kanisani, Shure SM58, aina iliyoko sokoni tangu 1966 na ambayo bandia zake zimejaa kila mahali. Haitaki volti 48. Unaiweka karibu na mdomo, inakuchukua wewe, na za mbali inazisikia kidogo sana. Kwa nyumba kama yetu ndiyo inayofaa, mwenye bajeti ndogo asidanganyike na mapambo ya masanduku. Anunue kadi ya sauti kwanza, kaske ya kuziba, mikro ya dinamiki hata ya kuazima. Programu ya kurekodia isimle pesa, Audacity ni ya bure. Na ukisikia mlio mzito chini ya rekodi, chomoa chaja ya lapitopu urekodi kwa betri. Kwangu uliisha hapohapo.

Watu wataniambia bila studio ni bure. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimrekodi mpiga gita wetu Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, kwa mashine alizokuwa akisafiri nazo. Gita moja na sauti moja. Msinichoshe.

Sasa hukumu. Mikro: nyota tatu. Kama unakaa mtaa wa Golf, nyumba ya dari, ukuta mrefu na jirani wa mbali, nne. Kama unakaa kwetu, mbili, ila gita la usiku wa manane ninapolisikiliza narudi kwenye nne. Huduma sina nyota ya kumpa. Fundi wa kanisani ameshaniuliza mara kadhaa kama naiuza. Nimemkatalia. Anachoweza kunisaidia ni kwenda dukani kuninunulia kebo ya pili, maana bei ya yule bwana, ukweli usemwe, bado hakuna anayemshinda.