Wiki moja melini, kroni za aina tatu na euro: huduma ya pesa niliyoikuta

Mwezi wa nane 2025 nilipanda meli ya kitalii kutoka Kiel, Ujerumani, tukaenda Oslo, Göteborg, Copenhagen halafu tukarudi Kiel. Mdogo wangu anaishi huko na mkewe, wao ndio walionikatia tiketi. Chakula cha melini sina neno nacho, chumba kisafi, wahudumu wana heshima, hayo nayaacha. Ninachotaka kuandika ni habari ya pesa, maana tangu nirudi kila anayenikuta hapa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, swali ni hilo hilo, dada ulienda na pesa gani, ulibadilishia wapi, na jibu lake refu, siwezi kulieleza mara kumi kwa siku huku mteja anasubiri kupimiwa dagaa.

Mimi pesa za kigeni sio mgeni nazo kabisa. Wateja wa Congo wanakuja na dola, wa Uganda wanakuja na shilingi zao, na nimeshalala Mutukula, mpakani mwa Uganda, nikisubiri reti ipande. Kwahiyo najua dola yenye kitobo au iliyochanika kidogo hakuna Mkongo atakupokelea, najua noti ya 100 au 50 inabadilishwa kwa bei nzuri kuliko za tanotano na moja moja. Kwa akili hiyo nikapanga niende na dola mkononi, nikifika kila nchi nibadilishe kama tunavyofanya mpakani.

Aliyenizuia ni binti mmoja wa kaunta ya benki hapa mjini. Nilienda kununua dola akaniuliza, "Shikamoo mama, unasafiri kwenda wapi?" Nikamwambia. Akasema mama huko dola haiingii dukani, Ujerumani wanatumia euro, na Denmark, Norway na Sweden kila nchi ina kroni yake, ukibadilisha shilingi kwenda dola, dola kwenda kroni, kroni irudi dola, kila kituo unaacha kitu. Akanifungulia akaunti ya dola yenye kadi ya Visa, akaniwashia matumizi ya nje ya nchi papo hapo, maana kadi ikiwa haijawashwa itagoma ukiwa huko na wewe huna wa kumpigia. Noti akaniuzia euro 200 tu, nikazionea huruma kwa udogo wake ila ndio alikuwa sahihi. Huduma ya yule binti naipa tano kati ya tano, alinisikiliza kama mtu anayemsafirisha mama yake mzazi.

Sasa melini. Melini hakuna anayegusa noti. Unapopanda unapewa kadi ya chumba, ndiyo inayofungua mlango na ndiyo unayolipia kahawa, soda, intaneti, kila kitu, bei zote kwa euro, deni linajikusanya mpaka usiku wa mwisho. Ili kadi ifanye kazi lazima uiunganishe na kadi yako ya benki au uweke amana ya pesa taslimu mapokezi. Mimi nikaunganisha kadi ya benki, na hapo ndipo nina lawama. Hakuna aliyeniambia kwamba siku hiyo hiyo watazuia euro 200 kwenye akaunti yangu kama dhamana. Haijakatwa, imezuiwa, yaani ipo ila huwezi kuigusa. Nimefika Oslo naangalia salio kwenye simu, moyo ukanilipuka, nikajua nimeibiwa. Nikarudi mbio mapokezi, kijana akanieleza kwa upole kabisa kwamba ni kawaida ya meli zote. Kama ni kawaida basi iandikwe kwa maandishi makubwa pale unapopokea kadi, mtu aliyejipangia kidogo kidogo anaweza akakwama bandarini bila nauli. Ningejua ningeweka amana ya noti, ukitoka unarudishiwa chenji yako palepale.

Lingine liangalie, kuna pesa ya huduma inakatwa kila usiku kwa kila kichwa, imo kwenye masharti ya tiketi ila wengi hatusomi. Usiku wa pili omba karatasi ya matumizi usisubiri usiku wa mwisho, foleni ya siku ile ilikuwa mpaka kwenye ngazi. Mimi yangu ilikuwa na juisi mbili ambazo sikunywa, nikaonyesha, wakazifuta bila ubishi.

Halafu kuna kaunta ya kubadilishia pesa humo humo melini. Hiyo jamani msiisogelee. Nilitoa euro 50 nipate kroni za Sweden, nikaondoka na kroni 500 na sarafu kidogo, mdogo wangu akakokotoa akasema umeacha kama kroni 40 mezani. Kroni ya Sweden wakati ule ilikuwa kama shilingi 260 zetu hivi, piga mwenyewe. Na uchungu zaidi ni kwamba Göteborg yenyewe hizo noti hazikunisaidia kitu. Nimeingia mgahawa wa kwanza, kibao mlangoni, hatupokei pesa taslimu. Wa pili, hivyo hivyo. Tramu, kondakta hayupo na sanduku la pesa halipo, kadi au simu. Choo cha kulipia nacho kadi! Mwisho nikaenda supamaketi kubwa, ndiko waliponipokea noti, nikanunua kahawa na biskuti za kuwaletea watoto ambazo sikupanga kununua.

Oslo ni tofauti kidogo. Watu wao pia wanalipa kwa kadi ila tangu Oktoba 2024 sheria yao inamlazimu mwenye duka lenye mhudumu akupokee noti ukiwa nazo. Ila Oslo ndiko nilikojifunza lile la mashine. Nimekula chakula cha kroni 189, natoa kadi, mashine inaniuliza nilipe kwa kroni au kwa dola. Mimi dola ndiyo ninayoijua, nikabonyeza dola. Ilikatwa karibu dola 20. Jioni nikala kwingine bei ile ile, mke wa mdogo wangu akaniambia bonyeza kroni wifi, ikatoka chini ya 19. Chakula bei moja, kadi moja, siku moja. Ukibonyeza dola reti inapangwa na mashine ya pale dukani na faida yao imo ndani, ukibonyeza pesa ya nchi uliyopo reti inapangwa na Visa na benki yako. Kwahiyo siku zote chagua pesa ya nchi, hata kama hujui ni shilingi ngapi. ATM nazo zinauliza hivyo hivyo, zikatae hivyo hivyo.

Copenhagen nilikuwa na mzigo wa mtu. Jirani yangu Nyegezi, mzee wetu aliyewahi kufanya kazi na Wadenmark zamani, alinipa noti ya kroni 1,000 aliyoitunza miaka, akasema binti yangu kaninunulie koti zuri la baridi, lililobaki kalie wewe. Ilikuwa kama shilingi laki nne kasoro, sio pesa ya kuchezea. Nimefika kaunta na koti, dada wa duka akatikisa kichwa. Noti ya 1,000 waliiondoa kwenye matumizi tarehe 31 Mei 2025, mimi nipo pale Agosti. Niliumia kwa ajili ya mzee. Mdogo wangu akaichukua aipeleke benki kuu yao wenyewe, na koti nikalinunua kwa kadi yangu nikalileta, siwezi kurudi kwa mzee mikono mitupu. Mwenye noti za kigeni amezifungia sanduku aulize sasa kama bado zinatumika, asisubiri safari.

Huko huko Denmark tuliulizana mezani na abiria wengine kwanini nchi tatu jirani, lugha zinafanana, pesa inaitwa jina moja, halafu kroni ya huku hupokelewi kule. Muongozaji wetu akasema zamani zilikuwa sawa kwa thamani, Denmark na Sweden walikubaliana 1873, Norway ikaingia 1875, vita kuu ya kwanza ndiyo ikavunja. Nikamwambia hata sisi kwenye Ziwa Victoria ndivyo tulivyo, shilingi ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania ilikuwa moja mpaka 1966, mtu anapanda meli Kisumu anashuka Bukoba na pesa ile ile mfukoni, leo Sirari tu hapo ukivuka unabadilisha. Walinyamaza wote wakanisikiliza. Nikawasimulia pia sarafu ya senti kumi yenye tundu katikati ambayo mama yangu wa Ukerewe alikuwa anaitunga kwenye kamba, maana sarafu za Denmark na Norway nazo zina tundu, nilipoishika ya kwanza nilimkumbuka yeye tu. Nilimletea tatu, amezifunga kwenye leso yake.

Ujerumani sina mengi, wao noti wanazipenda, zile euro zangu ziliisha Kiel kwa nauli, mikate na choo cha stesheni kinachotaka sarafu. Hakikisha tu una sarafu.

Simu. Ukiwa katikati ya bahari izime mtandao kabisa, inajiunga yenyewe na mtandao wa meli ambao gharama yake ni balaa, lakini bandarini iwashe laini ya nyumbani kwasababu ile meseji ya namba ya siri ya benki inakuja kwenye laini hiyo na ukinunua kitu mtandaoni bila hiyo hulipi.

Nikirudia safari, nitabeba euro 150 zenye noti ndogo na kadi mbili za akaunti tofauti, moja ibaki chumbani. Kroni sibebi hata moja, na sarafu zilizobaki hapa Mwanza sikupata wa kuzinunua, hata noti za Sweden zilizobaki kaunta mbili zilinikatalia.

Ile dhamana ya euro 200 niliisubiri. Meli walikata deni langu halali la euro 143 siku ya kushuka, na ile 200 ikaendelea kuzuiwa juu yake, nikafika nyumbani bado. Siku ya tisa nikaenda benki kwa yule binti, akaandika barua pepe nikiwa nimekaa palepale, siku ya kumi na moja asubuhi meseji ikaingia nikiwa napanga magunia, salio limekaa sawa.