Vibrashi vya katikati ya meno, kwa mwenye jino la skrubu

Asiye na muda wa kusoma hadi mwisho aondoke na hili: kama umewekewa implanti, yaani jino bandia linaloshikiliwa na skrubu ndani ya mfupa, nunua vibrashi kwanza, mashine ya kurusha maji kati ya meno baadaye. Mashine ninayo na naipenda, ila nikilazimishwa kubaki na kimoja, itakwenda kabatini bila majonzi.

Pengo langu lilikuwa la gego la chini, kushoto, pale ambapo kazi yote ya kutafuna hufanyika. Hadithi ya kulijaza haina maajabu: skrubu ya metali ya titani ikafungwa ndani ya mfupa wa taya, nikasubiri miezi mfupa uikamate, ndipo kofia, yaani jino bandia lenyewe, ikawekwa juu. Utaalamu huo wa mfupa kung'ang'ania titani tunadaiwa na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa skrubu hizo mwaka 1965 na akaishi nazo mpaka alipofariki mwaka 2006. Kwa hiyo skrubu yenyewe sina wasiwasi nayo.

Wasiwasi wangu ni ufizi unaoizunguka. Watu wakisikia titani haitoboki kama jino, hulegeza mkono kwenye mswaki. Ni kweli haitoboki, lakini jino la kuzaliwa nalo limeshikwa na nyuzinyuzi zilizozama kwenye mzizi, wakati kwenye implanti nyuzi za ufizi hupita kandokando bila kuzama popote. Mimi ni fundi cherehani, nitalisema kwa lugha yangu: moja imeshonwa, nyingine imebanwa kwa pini. Ukoga ukikaa pale kwenye ukingo wa kofia, bakteria hushuka chini kirahisi zaidi, ufizi unavimba, na usipouwahi mfupa unaanza kulika. Mara nyingi yote hayo hutokea bila maumivu. Damu ndiyo hujitokeza mapema, usaha na kulegea huja mambo yakiwa yameshaharibika.

Sasa vibrashi vyenyewe. Ni waya mwembamba uliosokotwa ukakamata nywele za nailoni, na kishikio kwa nyuma. Rangi zake zisikupoteze, maana kijani cha kiwanda hiki si kijani cha kile. Tazama namba ya ISO, kipimo cha kimataifa, kwenye pakiti, inaanzia 0 hadi 8, na kadiri inavyopanda ndivyo kibrashi kinavyohitaji tundu pana zaidi. Usikisie ukiwa dukani. Mimi nilipimiwa na daktari, nikatoka na saizi mbili: kubwa ya kuzunguka implanti, kwa kuwa kofia ya gego ni pana juu na shingo yake ni nyembamba, pakabaki uwazi pembeni, na ndogo ya meno ya mbele yaliyobanana. Saizi sahihi unaijua kwa mkono. Nywele zinasugua kuta zote mbili, waya haugusi kitu, na hulazimiki kusukuma. Ikikwama, shuka saizi. Ikipita kama mtu anayepita mlango ulio wazi, panda.

Kwa implanti hakikisha waya umevikwa plastiki, usije ukakwaruza titani. Dawa ya meno usipake, maji yanatosha. Ingiza kibrashi ukiwa umekielekeza kando ya ufizi, peleka na urudishe mara chache, kisha fanya jambo ambalo hakuna tangazo litakalokuambia: kinuse. Mara ya kwanza nilipochomoa kutoka nyuma ya lile gego kilitoka na utando wa kijivu, na harufu yake sitaielezea hapa kwa heshima ya wanaosoma wakila. Na nilikuwa nimetoka kupiga mswaki, tena vizuri. Mswaki hauingii kule, hata ukiwa wa umeme.

Damu itatoka mwanzoni. Wengi huacha hapo wakidhani wamejijeruhi, kumbe ufizi uliovimba ndio unaotoa damu, na ukisafishwa kila siku hupungua. Isipopungua baada ya wiki mbili hivi, nenda ukapimwe. Mvutaji wa sigara asijipongeze kwamba yeye hatoki damu, kwani sigara huificha dalili hiyo huku ugonjwa ukiendelea. Mwenye kisukari naye ana sababu ya kuwa mkali zaidi na fizi zake.

Lawama zangu ni za waya. Ukisukuma kuelekea magego ya nyuma unapinda shingoni, na ukishapinda mara mbili tatu utakatika, nawajua waya mimi. Chukua vyenye kishikio kirefu na kichwa kilichokunjwa. Vile vifupi vinakutaka uingize nusu ya kiganja mdomoni. Kuna vya mpira visivyo na waya, laini na rafiki kwa fizi, lakini kwenye uwazi mpana wa implanti yangu vilipita bila kugusa chochote. Vyenye harufu ya mnanaa sioni vimeongeza nini.

Mashine ya maji? Inatoa mabaki ya chakula vizuri mno, na mwenye daraja la meno au nyaya za kunyoosha ataishukuru. Punguza nguvu ukifika kwenye implanti, inama juu ya sinki, funga midomo kiasi, la sivyo kioo ndicho kitakachooga. Ila ukoga unanata, na kinachonata nakiamini zaidi kikisuguliwa kuliko kikirushiwa maji. Uzi wa meno wa kawaida nautumia mbele tu. Kwenye implanti unaweza kunasa sehemu yenye mparuzo, ukachanika na kuacha nyuzi chini ya ufizi, na nyuzi zilizosahaulika mle zimewahi kukutwa kwenye implanti zenye uvimbe.

Msitarajie vibrashi viondoe ugaga. Ukoga ukishakauka ukawa ugaga ni kazi ya daktari na vyombo vyake, na mwenye implanti aulizie kama wana vyombo visivyokwaruza titani. Akikupima kina cha ufizi mwambie akutajie namba, na aziandike, ili ziara ijayo mlinganishe. Ufizi uliovimba tu hurudi ukawa mzima, ila mfupa ulioliwa haujirudishi wenyewe.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya shingo ya waya, na kwa vile vifuniko wanavyotoa bila tundu la hewa, ambavyo huacha kibrashi kimelowa hadi kesho yake. Changu nakianika wazi, na nywele zikianza kutawanyika natupa.