Klabu ya redio ya ridhaa: nilikatiwa waya, na bado sijajitoa

Tathmini hii nimeiandika mara mbili nikaifuta, kwa kuwa mara zote mbili ilisomeka kama hati ya mashtaka. Huenda hii ya tatu nayo ikasomeka hivyo hivyo. Mwaka jana nilijiunga na klabu moja ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha tu, hapa Mombasa, nikalipa ada kutoka katika mshahara wangu wa ualimu, baada ya kuahidiwa kwamba nitafundishwa kuunda antena, kusoma Morse, yaani herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu (nukta na mistari), na kujiandaa kuomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Antena niliiunda kweli. Yaliyoipata ndiyo yaliyonikalisha hapa.

Asiyewahi kuunda antena ya waya anivumilie kidogo, kwa sababu bila hesabu hii hasira yangu haitaeleweka. Unachukua 142.5, unagawanya kwa masafa unayoyataka kwa megahezi, unapata urefu wa waya kwa mita. Mimi niliitaka megahezi 7.1, kwa hiyo waya wangu ulipaswa kuwa mita 20 na ushei, yaani takriban mita 10 kila upande wa kebo ya redio, ambayo huunganishwa katikati ya waya. Hata hivyo hakuna mwenye akili anayekata mita 10 kamili siku ya kwanza. Unaacha ziada, unapandisha, unapima, unashusha, unapunguza kidogo, unapandisha tena, kwa sababu waya mrefu hupunguzika lakini mfupi haurefuki. Nilianza na mita 10.40 kila upande. Asubuhi nzima nilikuwa nikivuta kamba juu ya mwembe ulio uani pa klabu, viganja vikachubuka, na kufikia saa sita nilikuwa nimebakiza kama sentimita 10 tu nifike pale nilipopataka. Nikaushusha waya kwa mara ya mwisho, nikaenda kunywa maji.

Niliporudi nilimkuta mzee mmoja, miongoni mwa wakongwe wa klabu, ameshika koleo langu. Sikumwita wala sikumwomba msaada. Alikuwa ameukata waya pande zote mbili, kwa makadirio ya jicho, bila kugusa futi ya kupimia iliyokuwa imelala pale pale chini karibu na viatu vyake. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu huku akicheka mbele ya watu, "Binti, hii ilikuwa kamba ya kuanikia nguo. Sasa imekuwa antena." Mimi nina miaka 43 na wanafunzi wangu wa kwanza wana watoto.

Tukaipandisha. Kila upande ulikuwa umebaki na mita 9.5, na hesabu ile ile niliyoitaja inaonyesha kwamba waya wa mita 19 unapatana na megahezi 7.5, ilhali masafa tunayoruhusiwa yanaishia 7.2. Sindano ya kipimo kinachoonyesha jinsi antena inavyopatana na redio, ambapo moja ndiyo bora, ikaruka kupita tatu, maana yake zaidi ya robo ya nguvu ilikuwa ikigonga antena na kurudi redioni. Yule mzee akaitazama sindano, akasema kipimo kibovu, akaenda kula. Wenzangu waliokuwa pale kila mmoja aligundua ghafla kwamba ana simu ya kujibu. Hadi leo ninashindwa kuamua ni lipi lililoniuma zaidi, koleo au simu zile.

Kufikia hapo hukumu yangu ilikuwa imekwisha kuandikwa: msiende, hasa kina mama, hasa mkiwa hamjazoea kudharauliwa Jumamosi. Nilinyamaza wiki kadhaa. Kisha nikarudi, kwa sababu ada ilikuwa imeshalipwa na mimi si mtu wa kuacha vyangu vipotee, nikakuta ni zamu ya somo la Morse, na mwalimu ni nani kama si yeye.

Hapa ndipo ninapolazimika kusema kweli, ingawa inaniwia vigumu. Sijawahi kufundishwa vizuri namna ile. Alitukataza kuandika nukta na mistari, akatutaka tusikilize mdundo tu, akigonga meza kwa pete yake. Halafu akafungua redio kwenye megahezi 14.100, ambako vituo 18 vya bikoni duniani, yaani vinavyorusha ishara ili watu wapime jinsi mawimbi yanavyosafiri, hupokezana, kila kimoja sekunde 10, na duru nzima huchukua dakika 3. Kila kituo hutaja alama yake ya wito, kisha hutoa mistari minne: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa 10, wa tatu kwa 1, na wa nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Tulisikia 4S7B ya Sri Lanka ikivuka bahari yote ile, mstari wa tatu ukiwa mwembamba kama uzi, wa nne haukufika. Ilipofika zamu ya 5Z4B, ambayo ni ya hapa hapa Kenya, tuliinama sote na hatukupata kitu. Nilidhani redio imeharibika. Akaeleza kwamba mawimbi ya masafa hayo hupanda, yakapindwa na ayonosfia, ile tabaka ya juu ya angahewa yenye chembe za umeme, na kushuka mbali sana, na mtu wa karibu hurukwa. Nimefundisha sayansi miaka 18, na sikuwahi kulieleza jambo hilo nikaona nyuso za wanafunzi zikibadilika kama zetu zilivyobadilika pale.

Kwa hiyo sijui niwaambie nini. Ukitaka kujifunza, sijaona mahali bora mjini. Ukitaka heshima, nenda na moyo mgumu. Yeye hajaomba radhi, na sidhani kama anakumbuka lolote. Waya wangu niliuunganisha kwa lehemu, vipande viwili vya nusu mita hivi, na chumvi ya bahari imeshaanza kuvitia kutu ya kijani pale penye maungio, kwa hiyo kila mwezi ninapanda ngazi kuvisugua na kila mwezi ninamkumbuka. Ada ya mwaka huu sijalipa. Jumamosi nitakwenda, kwa sababu kuna somo la herufi zilizobaki, lakini koleo litabaki mkobani na mkoba utabaki begani.