Mausi inayobonyeza mara mbili: usiitupe, ifungue

Habari za jioni, ndugu watazamaji. Niko nyumbani hapa Nyegezi, Mwanza, na leo sichambui mausi mpya ya kompyuta. Nachambua hii ya waya niliyonayo mwaka wa tatu sasa. Imepata ugonjwa ambao wengi mnaujua: unabonyeza mara moja, yenyewe inabonyeza mara mbili. Unataka kuchagua faili, linafunguka. Juzi mdogo wangu alikuwa anafunga dirisha moja kwenye kompyuta, yakafungika mawili, na la pili ndilo lilikuwa na kazi yake ya chuo ambayo hajaihifadhi.

Niliipeleka kwa fundi mjini, hata hakuifungua. "Nunua nyingine." Iliniuma kwa kweli, maana kilichochoka humu ni kibati kidogo kuliko ukucha wa mtoto.

Chomoa USB kwanza. Skrubu huzioni kwa sababu zimejificha chini ya hivi viatu vya plastiki laini vinavyoteleza mezani. Vipashe joto kidogo kwa drai ya nywele, uvibandue taratibu, maana vikijikunja mausi itakwaruza meza. Bisibisi ndogo ya nyota inatosha. Ukiinua kifuniko usikivute kwa pupa, huenda kuna waya ndani umeshika.

Nasogeza kamera. Mnakiona kiboksi hiki cheusi chenye kitufe juu? Ndiyo swichi ya kushoto. Ndani kuna kibati cha shaba kilichopinda kama springi. Ukibonyeza, kinaruka kugusa ncha iliyo chini yake. Kikilegea au kikishika uchafu, kinagusa, kinaachia, kinagusa tena, yote ndani ya milisekunde chache, na kompyuta inahesabu mibonyezo miwili.

Kifuniko cha swichi nakitoa kwa ncha ya wembe, juu ya sahani nyeupe, kwa sababu kile kitufe kikiruka sakafuni hukipati tena. Sasa nachukua kipande cha karatasi, nakichovya spiriti, nakipitisha katikati ya kibati na ncha yake. Tazameni karatasi ilivyotoka: mstari mweusi! Mimi narudia mpaka itoke safi. Kukunja kibati ili kikaze sikushauri kama mkono wako hauna utulivu, kikivunjika ndiyo basi.

Ikigoma, kuna njia ninayoipenda zaidi. Swichi ya kulia mara nyingi ni ya aina ileile na haijachoka, kwa sababu tunaibonyeza kwa nadra. Fundi simu yeyote mwenye vifaa vya kuchomelea, pale Makoroboi mjini au kokote, anaweza kuzihamisha, kulia iende kushoto. Kila moja ina miguu mitatu tu.

Na sisi wa kando ya ziwa tuna la kwetu: wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku. Mmoja nimemkuta amekaukia kwenye tundu la mwanga huku chini, kumbe ndiye aliyekuwa anafanya kishale kirukeruke. Pamba ya masikio imemtoa.

Haya, nachomeka. Nabonyeza faili... limechaguliwa, halijafunguka. Tena... sawa. Nje ya kamera nimebonyeza mara 100, ikakosea mara 2, wakati jana ilikuwa haipiti hata mibonyezo 10 bila kukosea. Gurudumu bado linakwama likipanda juu. Hilo nalifungua Jumamosi, umeme ukiwepo.