Albamu tano nilizosikiliza kwenye foleni ya Gongo la Mboto

Jamani mimi asubuhi napanda gari Gongo la Mboto naelekea Posta, wanaoijua ile barabara wanajua kuna siku saa moja na nusu inapita hujavuka Tazara. Nikasema badala ya kumalizia bando kwenye vichekesho ngoja nidaunilodi albamu nzima nzima, moja kwa siku, sheria moja tu: hamna kuruka wimbo hata kama unakera.

Nikaanza na Kind of Blue ya Miles Davis, ya 1959, maana kila anayejifanya anajua jazi lazima aitaje, na mimi jazi nilikuwa naiona muziki wa mapokezi ya hoteli. Aisee. Wimbo wa kwanza una dakika tisa na ushee, besi inasema neno wenzake wanaitikia, inasema tena wanaitikia, yaani kama wazee wako barazani hakuna anayemkatiza mwenzake, na mpaka unaisha gari limetoka Mombasa limefika Banana tu (Mombasa ya Ukonga, msije mkadhani nilisafiri). Kilichonimaliza ni kusikia kwamba Miles hakuwafanyisha mazoezi ya maana, aliingia studio na vimistari vya kuanzia tu, siku mbili kazi imekwisha. Na humo yumo John Coltrane yumo Cannonball Adderley, saksafoni mbili tabia mbalimbali, mmoja anachimba mwingine anacheka. Nimeirudia mara nne.

Kesho yake Metallica, bendi ya roki nzito ya Marekani, albamu ile ya kava jeusi, 1991. Hawa walikaa studio kuanzia Oktoba 1990 mpaka Juni mwaka uliofuata na inasikika, kila kitu kimepigwa pasi kama shati la bwana harusi. Nothing Else Matters nzuri, sibishi. Ila saa nzima ya magitaa yale ukichanganya na honi za bodaboda dirishani, kichwa kiligoma.

Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, 2001, siwezi kuihukumu kwa haki, naijua yote kichwani tangu enzi za kanda. Biti zimezeeka kidogo, maneno bado. Ndio Mzee ukiisikiliza kipindi cha kampeni utadhani karekodi juzi.

Halafu In the Heart of the Moon, Ali Farka Touré kwenye gitaa, Toumani Diabaté kwenye kora, kile kinubi cha Afrika Magharibi, wamerekodi hotelini Bamako, Mali, ikatoka 2005 na mwaka uliofuata ikabeba Grammy. Hawa nao mazoezi hamna, wamekaa wakapiga. Kora ina nyuzi 21, akianza Toumani ni rasharasha kwenye bati, na gitaa la mzee Ali linatembea chini yake taratiiibu kama mtu anayekagua shamba lake, na kweli alikuwa mkulima. Kosa ni langu kuipeleka kwenye daladala, konda kawasha singeli na hedifoni zangu za elfu tano sikuambulia kitu, ikabidi niirudie usiku nyumbani taa imezimwa. Kwangu hii ndio namba moja, hata Miles anisamehe.

Hapo nikawa nimeshajipa uprofesa, kwamba muziki mzuri ni ule usiofanyiwa mazoezi. Ijumaa Remmy Ongala akanivua nguo. Songs for the Poor Man, 1989, na Super Matimila yake, ilitoka Uingereza kwa lebo ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa huko huko. Sasa hii ni bendi iliyopiga kumbini usiku baada ya usiku mpaka magitaa yanajuana kama ndugu wa tumbo moja, moja likitoka lingine limeshaingia, hakuna pengo. Nilichokosa ni fujo ya ukumbini tu, kule studio wamekuwa wasafi mno.

Nilikuwa nimefungulia sauti mpaka inavuja. Mzee wa siti ya pembeni akanigusa bega, "Kijana, hiyo si Matimila?" Nikamwambia shikamoo, ndiyo yenyewe. Akanyoosha mkono, nikampa hedifoni ya kulia, akafumba macho na mguu ukaanza. Tazara tukaivuka, Kamata tukaipita, hakunirudishia, kwa hiyo nusu ya pili ya albamu nimeisikia kwa sikio la kushoto.